Pazia la Kaka

Wenyewe walijiita Macho ya Mtaa: wazee wastaafu, magoti yao yakilia kama bawaba kavu, waliojitolea kupita kila asubuhi na kila alasiri kuwaangalia wenzao wanaoishi peke yao. Kanuni yao ilikuwa nyepesi. Ukiamka, fungua pazia la mbele. Wakikuta limefungwa, wanabisha; usipoitika, wanapuliza filimbi, na majirani wanakuja kuvunja mlango.

Mwisho wa mtaa ulikuwa zamu ya fundi cherehani mmoja, mjane, aliyestaafu sindano lakini si mdomo. Vizibao vya njano vya kikundi kizima alivishona yeye. Na nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya kaka yake mkubwa, ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki. Mbishi huyo, we acha tu.

Siku moja fundi alikuta pazia la kaka limefungwa. Akabisha weee, kimya. Akapuliza filimbi. Mlango ukavunjwa, na mtaa mzima ukamkuta mzee wa watu anatoka kuoga, taulo kiunoni, povu kichwani, redio ikiunguruma. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye hakucheka. Alimwambia dada yake kwamba amemvunjia heshima mbele ya watoto wa juzi. Tangu hapo pazia lake halikukutwa limefungwa tena, na fundi akajisifu kwa wenzake kwamba kaka ameshika adabu, siku hizi anawahi kuamka kuliko wote. Maskini, hakujua kuwa mzee alikuwa halifungi kabisa, hata akienda kulala, ili mradi asisumbuliwe.

Jana fundi alipita asubuhi, pazia wazi. Akapunga mkono na kumtania kaka kwa sauti kwamba siku hizi hata salamu anazibania. Alasiri akapita tena, akapunga, akamtania tena, akaenda zake. Jioni muuza maziwa alibisha, hakupokelewa. Akachungulia vizuri dirishani, akaona miguu ya mzee sakafuni, kati ya kitanda na ukuta.

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Ni kiharusi. Angeletwa asubuhi, pengine kingefanyika kitu. Sasa upande mmoja umekufa, na kauli imekwenda nao. Muuguzi akamwelekeza fundi amshike mgonjwa mkono ule mzima na kumuuliza polepole. Akibana, ndiyo.

Fundi alikesha kitini na kizibao chake cha njano mwilini, hakukumbuka hata kukivua. Usiku kucha alikuwa akipanga maneno ya kumpasha, kuhusu pazia na ukaidi wake. Kulipokucha, kaka akafumbua macho, naye akayaacha yote, akamshika mkono ule mzima. Aliogopa kuuliza, akauliza.

“Kaka, ulinisikia nikipita?”

Mkono ukabana.

Kisha ukalegea, ukakaa kidogo, ukabana tena. Fundi akaelewa. Asubuhi alimsikia, na alasiri pia alimsikia, akimtania na kwenda zake.

Alilia bila sauti, kwa sababu wodi ilikuwa na wagonjwa wengine. Jua lilikuwa limeingia dirishani, linampiga mzee usoni. Akataka kuinuka akafunge pazia, angalau hilo aliweza. Mkono ukamng'ang'ania, ukakataa kumwachia. Akakaa.