Ulimi wa Kuazima

Wiki ile nyumba haikukalika. Nakaa, nasimama, nafungua friji, naifunga. Pale mlangoni mwa friji, kando ya mayai, ilikuwepo sindano ya binti yangu, nyembamba kama kalamu, nami naitazama kama mkwe nisiyemwelewa.

Daktari alimpa kwa ajili ya sukari na uzito. Anajidunga tumboni mara moja kwa wiki, kila Jumatatu. Imemsaidia, sikatai. Magoti yaliyokuwa yakimliza kwenye ngazi yamenyamaza. Ila njaa nayo imefunga virago. Binti yangu, ambaye utotoni tulimwita Kijiko kwa vile hakupita sufuria bila kuionja, sasa anakula vijiko vitatu vya wali na kuisogeza sahani kama imemtukana.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini Kijiko ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, watu mia mbili kila mchana, na hajawahi kupima chumvi. Hudondosha tone la mchuzi mgongoni mwa mkono, akalamba, akasema "umelala bado" au "umeamka." Basi. Miaka kumi na minane hiyo.

Wiki iliyotangulia alidondosha, akalamba, tumbo likamgeuka. Akatia chumvi kwa kukisia, akasahau, akatia tena. Sahani zikarudi zimejaa. Meneja akamwambia, "Ijumaa ijayo wakubwa wanakula hapa. Ukiharibu tena, utahamia kuosha vyombo."

Alhamisi jioni tulikuwa tunachambua maharage. Nikamtegea kama zamani.

"Kitendawili."

"Mama, sina moyo wa vitendawili."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu huja mara tatu kwa siku wala hapigi hodi."

"Njaa." Akatupa kijiwe kisahanini. "Ila kwangu amehama. Naiacha ile sindano, mama."

"Na magoti?"

"Magoti hayanipi heshima kazini."

"Dawa huachi bila kumuuliza daktari. Kesho nakuja mimi kuonja. Ulimi ninao."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Huo kweli unao, tena haupumziki."

Ijumaa nikasimama mbele ya sufuria iliyonifika kifuani. Kijiko akanidondoshea tone. Nikalamba.

"Umeamka," nikasema. "Tena umeshaoga na kuvaa."

Mwosha vyombo, mama mmoja mwembamba ambaye kila siku ndiye hukomba masufuria, akapita akalamba upawa. Akanitazama kwa huruma.

"Bibi, samahani. Haya si maji ya kuoshea?"

Kijiko akanigeukia polepole. "Mama. Chumvi ulikula lini mara ya mwisho?"

Nikatazama viatu vyangu. Kwa sababu ya presha, mwaka wa tisa huu sijagusa chumvi. Kwangu mimi hata mkate una chumvi kali.

Zilibaki dakika ishirini kengele ilie. Kijiko akaupeleka mkono kwenye kopo la chumvi, akaurudisha, akaupeleka tena. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwonjea. Halafu akaushika mkono wa mwosha vyombo, akaugeuza, akadondosha.

"Sema."

"Umelala fofofo."

Chumvi. Tone.

"Unajinyoosha."

Chumvi. Tone. Yule mama akafumba macho, akalamba midomo.

"Umeamka, dada. Usiuguse tena!"

Sahani zilirudi nyeupe. Meneja akaingia anatabasamu. "Leo ulimi wako umerudi, eh?"

Angeweza kuitikia tu. Mimi ningeitikia.

"Haujarudi," Kijiko akasema. "Ameonja huyu. Na ataendelea kuonja, awe jikoni nami, si kwenye karo la vyombo."

Meneja akajikuna shingo, akazitazama tena zile sahani. "Mradi zirudi hivi."

Nyumbani alipanda ngazi bila kushika ukuta. Nikapakua wali.

"Kitendawili," akasema yeye.

"Tega."

"Ulimi wangu unaishi kinywani mwa mwenzangu."

Jibu nilikuwa nalo, lakini nikampa mji. Akaupokea kwa madaha, akala vijiko vitatu, akasogeza sahani.

Nikasimama, nikafungua friji, sindano ipo pale pale kando ya mayai, nikafunga. Jumatatu ilikuwa bado siku tatu.