Nesta Thackray Akusanya Nota Zake

Nesta Thackray alizaliwa Hull, mji wa bandari huko Uingereza, binti wa muuza samaki, akajifunza trombone, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta, katika bendi ya kanisa. Mimi nilimpigia ngoma tangu alipohamia London. Wakati huo alikuwa akiishi kwa kuwapangia wengine muziki: waimbaji wa redio, filamu, hata tangazo la supu ya kopo. Jina lake halikutajwa popote. Waliokuja kwake kuchukua nota walimuuliza kama mumewe yupo.

Ndipo tamasha moja kubwa likamwagiza utungo wa okestra na bendi ya jazi. Aliuandika majira yote ya baridi, amevaa koti ndani ya nyumba, chai ikipoa pembeni.

Siku ya mazoezi, wapiga fidla walicheka waziwazi nilipoanza kupiga. Kiongozi wa okestra, Bwana Auberon Pym, akashusha kijiti. Akasema kwa upole kwamba utungo ni mzuri, ila ngoma ziondoke na saksafoni pia, maana hawezi kuongoza watu wanaobuni papo hapo, wasiojua watakachopiga.

"Wanajua," Nesta alimjibu. "Wanawasikiliza nyie kwanza."

"Bibi Thackray, hapa si baa."

"Naona. Baa wangekuwa wameshashika mdundo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na safari hii hakuwa akitucheka sisi. Pym akawa mwekundu. Akamwambia achague: akate, au utungo usipigwe kabisa.

Nilimnong'oneza akubali, mimi nitakaa nje. Kazi kama ile huipati tena. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Clem, nyamaza. Fungasha ngoma zako."

Akapita kiti kwa kiti akichukua karatasi zake. Wengi walimpa bila kumtazama usoni. Mpiga fidla mmoja, Ottilie Crane, alizishikilia za kwake.

"Hizi naenda nazo nyumbani, nifanye mazoezi," alisema. "Utapigia wapi?"

"Sijui bado. Nitakwambia."

Tulipiga Jumapili moja mchana, ghorofani juu ya baa moja ya mtaa wa Camden, chumba kikinuka bia na viazi vya kukaanga. Ottilie alileta wenzake wachache, na Nesta alikuwa ameupanga utungo upya uwatoshe. Mwanzo tuliukoroga. Akatusimamisha mbele ya watu, tukaanza tena. Saksafoni ilipopanda, fidla ziliifuata bila kusukumwa, na Ottilie akawa anagonga mguu sakafuni. Baadhi ya watu walitoka kabla ya mwisho. Waliobaki walisimama wakipiga makofi.

Okestra kubwa hazikumwita tena kwa miaka mingi. Pym alihakikisha hilo. Nesta akajenga bendi yake pale pale juu ya baa, kila msimu na utungo mpya, mwenye baa akilalamika kwamba glasi zake zinatetemeka.

Nilimuuliza mara moja kama anajuta. Akasema ana sehemu za fidla za kumaliza kabla ya Jumapili, nimpishe mezani.