Bomba la Kushikia

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho, wapangaji wenzake walimwita Mama Futi, maana hakununua hata ndoo bila kuipima. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, naye akazoea mkongojo. Lakini sakafu ya bafu ikilowa, mkongojo haukuwa rafiki. Wiki ile aliteleza mara mbili. Mara ya pili kichwa chake kilipishana na kona ya sinki kwa shibiri moja.

Alishamwandikia mwenye nyumba barua mbili, akiomba ruhusa ya kufunga bomba la kushikia kwa gharama yake mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile: "Ukuta wangu hautobolewi."

Akaona barua ya tatu iende na vipimo. Nguo hupimwa mwilini, si mezani. Basi akaketi kwenye kigoda cha kuogea, akafumba macho, akauacha mkono uende unakotaka. Ulipotua akatia alama ya chaki. Akafanya hivyo tena akiinuka, akapata alama ya pili kwenye ukuta ule ule. Kisha akailaza chaki na kuisugua ukutani, apate mstari wa kuziunganisha.

Chini ya chaki vikajitokeza viduara vinne vya matundu yaliyozibwa na kupakwa rangi. Viwili kwenye kila alama.

Barua hakuiandika. Alimwita mwenye nyumba aje mwenyewe.

"Mama Futi, ukuta nao unaushonea shati?" mzee alitania akiingia. Alipoona, utani ukamkauka mdomoni. "Nani kakuonyesha?"

"Mkono wangu, mzee."

Mzee akagusa kiduara kimoja kwa kidole. "Mama yangu aliishi hapa. Nililing'oa bomba lake la kushikia ili nipake rangi, nikamwambia nitalirudisha kesho. Hakuingoja kesho. Nilimkuta ameanguka hapo penye kigoda chako, hana uhai."

Mchana alirudi na drili, na bomba lile lile kuukuu likiwa limeviringishwa gazetini. Miaka kumi na miwili lilikuwa stoo. Skrubu zikaingia kwenye matundu yake ya zamani kama zilizokuwa zikisubiriwa.

"Hebu lijaribu, mama," akasema kutoka mlangoni.

Mama Futi akalishika. Huku mwishoni chuma kilikuwa baridi, kama chuma. Katikati kilikuwa na joto, upana wa kiganja.

"Limekaza?"

"Limekaza, mzee," akajibu, akausogeza mkono wake pembeni kidogo, amwachie nafasi mama yake mzee.