Plagi Nne za Baba Mdogo

Wiki ya tatu baada ya kumzika baba, pikapu yake ilianza kugoma asubuhi. Jua likishapanda iliwaka vizuri tu, lakini maziwa ya mama hayangoji jua. Wateja wake hunywa chai saa kumi na mbili, na wawili walikwisha kuhamia kwa muuzaji mwenye pikipiki.

Baba mdogo akaunda kamati. Yeye akawa mwenyekiti, shangazi katibu msaidizi, na binamu yangu, fundi cherehani, akawa mshauri wa ufundi kwa kuwa hakukuwa na fundi mwingine katika ukoo. Mimi nilipewa kuandika kumbukumbu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Mama hakuwa mjumbe. Yeye alikuwa dereva tu.

Kikao cha kwanza kiliamua kwa kura kwamba ubovu uko kwenye plagi za kupashia joto, yale mavyuma manne membamba yanayoiva ndani ya injini ya dizeli kabla haijawashwa. Kwa bahati, kura zilipatia. Baba mdogo akaenda dukani mwenyewe.

"Kulikuwa na za volti kumi na mbili na za ishirini na nne," alitueleza aliporudi. "Nikasema kaka yangu hawezi kufungiwa nusu."

"Hapo umemheshimu," shangazi akasema. "Watu wasije wakatucheka."

Zikafungwa. Kesho yake alfajiri mama akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Fundi cherehani akagusisha taa ya kupimia kwenye plagi moja moja, na taa ikawaka kwa zote nne.

"Plagi nzima," akasema.

"Basi injini imekufa," baba mdogo akatangaza. "Imemfuata mwenyewe. Andika."

Nikaandika. Akaongeza kwamba rafiki yake, mnunuzi wa vyuma chakavu, angekuja Jumamosi asubuhi kuichukua. Nikaandika na hilo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo zake za maziwa.

Ijumaa mchana nilimkuta jikoni ameshika kopo la baba. Baba alikuwa hatupi kifaa cha zamani mpaka kipya kimalize mwezi mzima kikifanya kazi. Siku zilipofungwa mpya, baba mdogo aliagiza plagi za zamani zitupwe. Mama alizitia kwenye kopo hilo.

"Zipime," akaniambia.

"Mama, kamati ilishafunga mjadala."

"Kamati haijawahi kuamka saa kumi na moja, mwanangu."

Nikaunganisha nyaya nene kwenye betri ya pikapu. Niliibana plagi kwa waya wa hasi, nikagusisha ncha yake na waya wa chanya, kama nilivyomwona baba akifanya. Tatu za zamani zilibaki baridi. Ya nne ikaiva nyekundu kama kaa la moto kabla sijavuta pumzi mara tatu. Kisha nikafungua moja ya zile mpya kwenye injini, nikaipima vilevile. Nikahesabu mpaka thelathini. Ilipata joto la kijiko kilichosahauliwa kwenye chai.

Ubavuni, plagi ya baba imeandikwa 12. Ya baba mdogo, 24. Betri ya pikapu ni ya kumi na mbili. Taa ya fundi cherehani ilituambia umeme unapita. Haikutuambia kama unatosha.

Dukani nilitoa ile ya baba. Muuza vipuri akalinganisha namba, urefu na nyuzi za kukazia, akanipa nne zinazofanana nayo.

"Zile za ishirini na nne ni za malori," akasema. "Nilimwambia yule mzee wako. Akanijibu nisimpangie namna ya kuomboleza."

Jioni ile nikazifunga. Jumamosi, jua halijapanda, mnunuzi alifika na lori na mnyororo. Baba mdogo, ndani ya koti, alikuwa ameshaanza hotuba ya kuiaga pikapu. Mama alipita katikati ya hotuba, akapanga ndoo nyuma, akaketi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo nusu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Baba alihesabu hivyo kila alfajiri, mpaka kumi na tano, na nilipokuwa mdogo nilidhani anasali.

Kwenye kumi na tano, injini ikawaka.

"Mnaona?" baba mdogo akasema. "Tangu mwanzo nilisema ni plagi. Andika."

Sikuwa na daftari. Mama alikuwa anakata kona, ndoo zikigongana.

"Sasa mimi nibebe nini?" mnunuzi akauliza, mnyororo mkononi. "Nipeni basi hata hizo plagi mlizofungua."

Nikamwambia arudi baada ya mwezi.