Safu ya Mbele

Tangu kulipopambazuka, Gerson Masolwa alikuwa kiguu na njia kati ya baraza lake na ukingo wa mbuga, bonde lililo mbele ya nyumba yake. Alikwenda mara tano kutazama maji, na mara zote tano maji yalikuwa palepale, yametanda juu ya majaruba ya mpunga kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Wenye mpunga walikuwa wanachekelea. Gerson alishindwa hata kumaliza chai.

"Baba Silasi, kaa basi," alisema mkewe, Eustadia. "Hata ukiyakodolea macho, hayo maji hayana haya."

"Yule binti anafika saa nne."

"Si umpigie simu umwambie mbuga imejaa?"

"Nimwambie hivyo ili iweje?" Akainuka tena, akaenda kutazama mara ya sita.

Yule binti alikuwa mkaguzi wa kampuni moja ya utalii iliyotaka kuleta wageni watembee kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara. Wageni wenyewe walikuwa wastaafu wa Ulaya, watu wa miaka sabini na kuendelea. Wangefikia kwenye tembe la makumbusho, nyumba ya kale ya udongo iliyo ng'ambo ya mbuga, kisha walale kwenye nyumba za wageni za jirani. Masharti yalikuwa mawili: nyumba isizidi kilomita moja kutoka makumbusho, na njia yake iwe inapitika mwaka mzima.

Gerson aliijazia nyumba yake ya wageni fomu mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imepasuka nyufa, akaandika mita mia tisa bila kupepesa macho. Wala hakudanganya. Kiangazi watu wote wa upande ule hukatiza majarubani, na ukimuuliza yeyote umbali atakupa ule wa kiangazi, hata kama mnaongea katikati ya masika na yeye mwenyewe amelowa hadi kiunoni. Ndivyo tulivyo. Barabara ya juu, kilomita nne nzima, hakuna anayeihesabu kuwa ni njia. Ile huitwa kuzunguka.

Kuingia kwenye orodha ya kampuni ndiko kulikokuwa kufa na kupona kwa vyumba vyake sita. Gerson alifua mashuka miaka kumi na tisa katika hoteli kubwa huko pwani, mahali ambapo kila kitu kilipimwa kutoka baharini. Safu ya mbele walipata barafu, mataulo mawili mawili na matunda yaliyomenywa. Safu ya pili walipata taulo moja, na bahari waliiona kwa kuchungulia. Safu ya tatu walipata feni na mbu. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya safu ya tatu, karibu na mapipa ya taka, na kitanda cha Gerson kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia. Miaka kumi na tisa mtu yuko ufukweni, na bahari anaisikia tu! Alirudi Tabora na kiapo kimoja, kwamba safari hii atakuwa safu ya mbele. Bahari hapakuwa nayo, lakini palikuwa na tembe ambalo watu walitoka mbali kuja kulitazama, na kiwanja cha marehemu baba yake kilikuwa mita mia tisa tu kutoka hapo. Akajenga. Huu ulikuwa mwaka wa pili, na waliokwisha kulala humo ni bwana mifugo mmoja na kwaya ya kanisa kutoka Kigwa, ambayo ililala bure.

Saa tatu na nusu alipanda baiskeli, akazunguka, akafika kwenye makumbusho akihema. Mkaguzi alikuwa ameshafika. Alikuwa msichana mrefu wa Ulyankulu, jina lake Irankunda, amevaa viatu vya raba vyeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Hujambo? Safari? Nyumbani?" Gerson aliuliza yote kwa pumzi moja.

Wakaanza kutembea, na Irankunda akawa anaandika kwenye simu yake kila alichokiona njiani, maana simu yenyewe ilikuwa inahesabu mita. Langoni palikuwa na soda baridi, vinyago, na choo chenye vigae. Mita mia mbili mbele, soda ilikuwa ya moto. Mia tatu, chapati na pa kuchajia simu. Mia nne, fundi baiskeli aliyeuza pia asali kwenye chupa za maji. Baada ya hapo hakikuuzwa kitu tena, walikuwepo mbuzi tu. Gerson alimwona akiandika "mbuzi" na roho ikamuuma. Kumbe ilikuwa pwani ileile, na yeye amejijengea nyuma ya safu ya mbuzi.

"Kwako ni wapi, baba?"

Gerson akanyoosha mdomo kuelekea ng'ambo. "Hapo tu."

Kweli, bati lake jekundu lilionekana vizuri. Lakini kati yao na lile bati palikuwa na maji matupu.

"Tunapitia wapi?"

"Hapahapa." Gerson alikwisha kuvua viatu, akakunja suruali, akamgeuzia mgongo na kuchuchumaa. "Panda, mwanangu. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Nitashindwa kukubeba wewe?"

Irankunda alicheka, kisha akaona yule mzee hainuki, akaacha kucheka. "Baba, simama. Tafadhali. Wewe ni sawa na mzazi wangu, mimi nitakupandaje mgongoni?"

Akavua raba zake mwenyewe, akazifunga kamba na kuzivaa shingoni, akaingia majini ameinua simu juu. Gerson alitangulia akipapasa matuta kwa fimbo, na mdomo haukutulia. Alisifia ndege, alisifia mpunga, alisifia vyumba. Katikati ya mbuga, maji yakiwa mapajani, Irankunda alisimama.

"Baba, na wale wazee wangu watavukaje?"

"Nitawabeba."

"Wako kumi na wawili."

"Nitawabeba wote."

"Na mizigo?"

"Na mizigo," alisema Gerson, na safari hii alijisikia mwenyewe. Miaka hamsini na nane, goti moja bovu. Akaendelea kupapasa matuta mpaka nchi kavu.

Eustadia aliwapokea na khanga kavu, chai ya tangawizi na karanga, akamtazama mumewe kwa jicho lililosema yote. Irankunda alikagua vyumba kimoja kimoja. Mashuka yalikuwa meupe pepepe, pembe zimekunjwa kama bahasha. Aligusa moja kwa kidole, kisha akakificha kidole chenyewe, maana kilikuwa na tope.

"Nimekagua nyumba kumi na moja mji huu," alisema. "Sijaona mashuka kama haya." Akatazama simu. "Mita mia nane na themanini. Umbali uko sawa." Akafungua fomu, akamsogezea Gerson mahali pa sahihi, pale palipoandikwa kwamba njia inapitika mwaka mzima. Akasema polepole, bila kumtazama: "Weka sahihi, baba. Mimi leo sikuona maji."

Mungu anajua Gerson alivyoitaka ile sahihi. Kidole kilikwisha kukaa juu ya kioo cha simu. Lakini alimwona bibi wa Kizungu wa miaka sabini na tano katikati ya tope, viatu shingoni, anamtegemea yeye na goti lake. Na akamwona huyu binti, siku ya kuulizwa na wakubwa wake nani alikagua njia hii.

"Andika kilomita nne," alisema.

"Nikiandika nne, baba, jina lako halipo."

"Najua. Andika."

Akaandika. Gerson alimsindikiza kwa barabara ya juu, akitembea pembeni yake, hatua kwa hatua, kilomita zote nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alizihesabu.

Aliporudi na baiskeli aliyokuwa ameiacha makumbusho, saa nane ya mchana, Eustadia alikuwa barazani. Hakumtania.

"Umekataa mwenyewe?"

"Nimekataa mwenyewe."

Eustadia akakung'uta maganda ya karanga yaliyokuwa mapajani. "Basi nipe ufunguo wa namba moja. Nataka nikajinyooshe. Mwaka wa pili huu unayapiga pasi yale mashuka, na mimi mkeo sijawahi kuyalalia."

Gerson alifungua mdomo amwambie kwamba ni ya wageni. Akaufunga, akaingiza mkono mfukoni na kutoa ufunguo. Kisha akaenda kunawa miguu vizuri, kwa sabuni, ili naye aingie.