Nukuu Sitini na Moja za Aklilu Z.

Daktari Zenebech Aklilu alikuwa amechoka kabla hata hajakalia kiti. Kwa miaka ishirini na mitatu ametibu kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi na kumvimbisha mtu wengu hadi tumbo linamtangulia mlangoni, na katika miaka hiyo ameandika makala arobaini na moja. Leo, ofisini kwa kamati ya vyeo, anaambiwa uprofesa umempita, eti kwa kuwa watafiti wenzake hawajazinukuu vya kutosha. Mwezi wa Sene, yaani Juni, anastaafu. Kikao kingine hakuna.

"Kanuni inataka nukuu mia sita," alisema Bwana Wubshet, karani wa kamati, mtu mpole mwenye kuongea na kompyuta yake zaidi kuliko na watu. "Wewe unazo mia tano sabini na mbili."

"Mwezi uliopita zilikuwa mia sita thelathini na tatu. Zimeliwa na panya?"

"Mashine imeondoa zile ulizojinukuu mwenyewe, Daktari. Kujisifu hakuhesabiwi."

"Mara sitini na moja? Mimi sina hata muda wa kujikuna!"

Wubshet akamgeuzia kompyuta, na hapo ndipo mkorogo wote ulipoonekana. Katika nchi yao mtu hana jina la ukoo. Ana lake, halafu la baba yake. Majarida ya ng'ambo hayataki kusikia hayo. Hutanguliza la baba na kulikata la mwenyewe hadi ibaki herufi moja. Kwa hiyo jasho lake lote liliandikwa Aklilu Z., na mzee Aklilu, fundi cherehani aliyekufa bila kujua kusoma, akawa mashuhuri huko Ulaya. Zenebech alizoea kulicheka jambo hilo. Leo hakucheka, maana huyu Aklilu Z. aliyemnukuu Aklilu Z. mara sitini na moja hakuwa yeye. Alikuwa Zerihun, mdogo wake wa tumbo moja.

Hawakuwa wamesemezana kwa miaka minane. Zerihun ni daktari Metema, bondeni kwenye joto, na ndiye aliyechapisha makala kusema kwamba dozi aliyoipendekeza dada yake haiwatoshi wagonjwa wenye virusi vya ukimwi. Hakumwonya. Zenebech aliisoma jaridani kama msomaji yeyote, akajiona amevuliwa nguo sokoni. Kwenye arobaini ya mama yao walikula sinia moja bila kutazamana.

Sasa akawa anasoma tarehe kwenye kioo cha kompyuta. Karibu nukuu zote zilikuwa za miaka hiyohiyo minane. Kwenye simu mdogo wake alikuwa kimya, lakini kila alipoandika, alimtaja.

"Basi huyo mdogo wako alete barua aseme yeye si wewe," alisema Wubshet alipoelezwa. "Kabla ya Ijumaa, orodha haijafungwa."

Zenebech alipiga simu akiwa amesimama palepale koridoni, maana alijijua: akikaa tu, ataahirisha.

"Zenebu?" Sauti ya Zerihun ilishtuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka barua."

Akamweleza. Zerihun akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani nithibitishe kuwa mimi si wewe? Waambie waje watusikilize tukilala. Anayekoroma ndiye Zenebech."

"Zerihun, nimechoka. Utaandika, huandiki?"

"Ntaandika leo leo. Dada, bado unatoa ile dozi yako?"

Kwa miaka sita sasa, wodini kwa Zenebech hutolewa dozi ya Zerihun. Aliibadili baada ya wagonjwa watatu kumfia wiki moja, kisha akaandika makala tano juu ya mafanikio ya dozi hiyo. Katika orodha ndefu za marejeo mwishoni mwa makala hizo, jina la mdogo wake halimo.

"Siitoi," alisema.

"Afadhali," alisema Zerihun, na hakuuliza zaidi.

Ijumaa, mwenyekiti, Profesa Getnet, aliisoma barua kwa sauti mbele ya wajumbe. "Mimi, Zerihun Aklilu, si Zenebech Aklilu. Yeye ni dada yangu. Namnukuu kwa sababu ndiye aliyetangulia, na kila ninachokijua kuhusu ugonjwa huu nilianzia kwake." Zenebech alitazama mikono yake. Alitamani barua ingekuwa fupi zaidi.

Getnet akavua miwani. "Nukuu zako zimerudi zote. Bado swali moja, la kanuni tu, watu wasije wakasema ndugu mnabebana. Wewe umemnukuu yeye mara ngapi?"

"Sijamnukuu."

"Miaka yote hiyo? Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Safi kabisa!" Getnet alipiga meza kwa kiganja. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa! Wubshet, andika hiyo: hakuna upendeleo wa kindugu."

Wajumbe wakainuka, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, wakimwita Profesa. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, nao wakadhani ni furaha.