Mahali pa Ng'ombe

Ng'ombe alilala Jumatatu jioni, na hadi Jumatano asubuhi alikuwa hajainuka.

Jina lake Shangazi. Alipewa jina hilo kwa sababu siku aliyofika, badala ya kushukuru, alizunguka ua mzima akikagua kila kona kwa jicho la mgeni aliyekuta vyombo havijaoshwa. Muuza maziwa alikuwa amekwisha kumtoa zizini apelekwe machinjioni, uzee umemwingia na maziwa yamekauka, na mwenye ua akaenda akasimama mbele ya lori mpaka dereva akachoka kupiga honi. Sasa Shangazi huyohuyo alikuwa chini ya paa la banda, pua karibu na ukuta, anahema kwa taabu, na mwenye ua amechuchumaa kando yake anamsugua masikio na kuyabana machozi.

Mwenye ua huyo mji ulimwita Mama Majani. Hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini jina lilimganda tangu mwaka alioacha nyama, kisha maziwa, kisha mayai, na watu wakabaki kuulizana huyu sasa anakula nini. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Shule zikifungwa, kama wiki ile, alikuwa mtumishi wa wanyama kutwa nzima. Alikuwa na punda mmoja aliyeitwa Mwalimu Mkuu, kwa jinsi alivyosimama karibu na mlango akiwatazama wanaochelewa. Alikuwa na mbuzi wa miguu mitatu, na kuku kumi na mmoja waliotupwa na shamba la mayai walipoacha kutaga. Hao aliwaita wastaafu.

Kilichowachekesha watu zaidi ni mahali penyewe, maana ua ule ulikuwa wa bucha, tena bucha ya baba yake. Dirisha la mbele, alikokuwa baba akitundika mapaja, sasa lilijaa magunia ya pumba. Kengele ya mlangoni ilikuwa ileile. Kila ilipolia, Mama Majani alisikia tena harufu ya maranda ya mbao yanayomwagwa sakafuni asubuhi, na kisu kwenye chuma cha kunolea, shwa, shwa, shwa, na mluzi wa baba uliokuwa na wimbo mmoja tu, tena nusu. Yeye alikalishwa kwenye kigoda kirefu nyuma ya meza, kazi yake kuchana magazeti ya kufungia nyama. Hapo ndipo alipojifunza kusoma, kabla hajapelekwa shule. Ndiyo maana hadi leo hadithi nyingi anazozijua hazina mwisho. Mwisho uliondoka na mteja, umefungia nusu kilo yake.

Watu hudhani mtu akiacha nyama ni kwa sababu anaichukia bucha. Wapi! Mama Majani hakuwahi kupapenda mahali popote kama pale. Alikumbuka hata baba alivyowasemesha ng'ombe huko bandani. Kabla ya kazi alimpapasa kila mmoja shingo, akainama, akamnong'oneza sikioni maneno mawili matatu. Kutoka kigodani hayakusikika. Siku moja aliuliza ni maneno gani, akajibiwa kwamba ni mambo ya kazi.

Miaka tisa iliyopita, mezani, mbele ya kaka yake na wifi yake, aliisogeza sahani taratibu akasema yeye basi. Baba alimtazama, akaitazama nyama, akasema nyama hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha. Ilikuwa kweli tupu. Baadaye mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, bucha ikafungwa, yeye akahamia kwa kaka mtaa wa tatu kutoka pale. Ua ulibaki kwa binti kwa kuwa ulikuwa wa marehemu mama. Siku punda alipoingizwa, mzee alikula yamini kwamba hatakanyaga tena mahali pale, kwa kuwa kila mnyama aliyefugwa pale alikuwa kama kidole kinachomnyooshea yeye. Miaka sita ilipita, na hakukanyaga.

Hawakugombana, na afadhali wangegombana. Kila Ijumaa binti alimpelekea chakula kwenye kopo lenye mfuniko, maharage aliyoyapika na karanga, au mboga na viazi. Kila Ijumaa baba alimrudishia kopo la wiki iliyopita, limeoshwa safi, akamwambia chakula amewapa majirani. Kisha wakazungumza habari za mvua, kama watu waliokutana kituoni.

Daktari wa mifugo alikuja Jumanne kwa pikipiki, ana mashamba mengine mawili ya kwenda kabla giza halijaingia. Alimshika Shangazi mguu mmoja mmoja akasema mifupa ni mizima. Ila amezeeka, na ng'ombe akilala muda mrefu misuli huanza kufa chini ya uzito wake mwenyewe. Alimdunga sindano ya maumivu, akafunga mkoba wake.

"Mwalimu, nitakuambia ukweli," alisema. "Kesho jioni napita tena. Nikimkuta hajasimama, nitamdunga sindano ya mwisho. Kumwacha hivi ni kumtesa."

Tangu hapo Mama Majani hakutulia. Alimwita fundi cherehani wa jirani, mtu mwenye mdomo mrefu na moyo mwema, wakamsukuma Shangazi wote wawili mpaka fundi akalalamikia kiuno. Shangazi mwenyewe alijitahidi. Mara tatu alikaza shingo, akakusanya miguu, na mara tatu kwato zilimteleza akaangukia kifua. Mara ya nne hakujaribu. Jumatano asubuhi alikataa hata maji, akaulaza uso ubavuni kwake kama mtu asiyetaka mazungumzo.

Fundi alishika tama, akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wakilikwepa. "Dada, katika mji huu anayemjua ng'ombe ndani na nje ni mmoja tu. Kamwite mzee. Akikataa, atakuwa amekataa."

Alikwenda kwa shingo upande. Njia nzima alijiuliza atamwambiaje mtu aliyetumia miaka arobaini kuwalaza ng'ombe kwamba sasa anatakiwa kumwinua mmoja. Alimkuta barazani, redio mapajani, anahangaika na waya wa kunasia mawimbi. Alimwamkia, akamweleza yote bila kupumua. Mzee aliendelea kusokota waya wake. Binti alikwisha kugeuka kuondoka aliposikia swali.

"Amelala wapi?"

"Bandani, Baba. Pale mahali pa ng'ombe."

Mkono wa mzee uliacha waya. Aliiweka redio chini, akainuka kwa kushikilia nguzo, akaomba aletewe viatu. Binti alimuuliza kuna nini, naye akasema watembee kwanza.

Kengele ililia alipousukuma mlango, na mzee akasimama hapohapo kizingitini, mkono bado uko kwenye mbao. Mluzi haukutoka, lakini midomo ilikaa tayari, na Mama Majani aliona. Nusura alie kabla hata ya kufika bandani. Mwalimu Mkuu alisogea, akamkazia macho mgeni.

"Huyu vipi? Ananitazama kama nimechelewa."

"Umechelewa, Baba," alisema binti. "Miaka sita."

Mzee aliwapita wastaafu wakichakura, akaingia bandani, akamtazama Shangazi, na blanketi tatu juu yake, na beseni la maji, na pete ya chuma iliyochomekwa ukutani karibu na pua yake. Kisha akauliza ni nani aliyemlaza hapo. Binti akasema ni yeye. Jumatatu Shangazi alianza kutetemeka miguu, mvua inakuja, akaona amkokote chini ya paa, kwenye sakafu safi inayooshwa kila siku, kwenye pete ya kufungia kamba. Alimweka pale walipowekwa ng'ombe siku zote. Tangu utotoni hakujua pengine.

"Mwanangu," baba alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "hapa mimi nilipajenga ili ng'ombe akilala asiinuke."

Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi. Ng'ombe huinua nyuma kwanza, na nyuma hainyanyuki mpaka arushe kichwa mbele hatua nzima. Ukimwekea ukuta puani umemfunga bila kamba. Na saruji ile aliisugua yeye mwenyewe kwa jiwe wiki nzima, iwe laini, damu isishike. Kwato hazikupaswa kupata pa kushika. Daktari hangeweza kujua, alisema, kwa sababu daktari huutazama mguu, hautazami ukuta.

Mama Majani alikaa chini palepale. Alikuwa amemtoa Shangazi kwenye lori, akamlisha kwa mkono miezi kumi, kisha yeye mwenyewe, kwa mapenzi yote, akamlaza mahali pa kuchinjiwa na kumfunika blanketi. Alingoja baba aseme neno. Nafasi ilikuwa imejileta, na mtu mwingine angeila mpaka makombo. Alipoinua macho alimkuta mzee anakunja mikono ya shati.

"Turubai lipo?" aliuliza. "Na huyo fundi wako alete wenzake, waache umbea kidogo."

Walikuja fundi cherehani, fundi viatu na seremala. Mzee alisimama katikati yao akaanza kutoa amri kwa sauti ileile ya asubuhi za zamani, wakati bucha ilipojaa watu hadi barabarani. Walimgeuza Shangazi ubavu wa pili, kwa sababu mguu wa chini ulikuwa umekufa ganzi, wakampitishia turubai, wakamvuta shubiri kwa shubiri kutoka kwenye saruji hadi kwenye udongo katikati ya ua. Fundi cherehani alitangaza kwamba kiuno chake sasa kimekwisha kabisa, wakamcheka wote. Mbele ya Shangazi mzee hakuacha kitu, hata ndoo. Alifukuza mbuzi, akafukuza wastaafu, akataka uwanja mtupu.

Kisha akapiga magoti na kuanza kuusugua ule mguu, kuanzia nyonga hadi kwato, kurudi juu, kushuka tena. Mikono iliyoshindwa kushika kikombe bila kumwaga ilipokamata paja la ng'ombe ilitulia. Mama Majani aliiona na moyo ukamuuma. Alijua iliyajulia wapi mapaja yale, na alijua pia kwamba ni mikono hiyohiyo iliyomnyanyua yeye kila asubuhi kumweka kwenye kigoda. Hakuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Siku hiyo hakutaka kuyatenganisha.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka pikipiki iliposikika. Daktari aliingia na mkoba wake, akafungua mdomo, akaona hali ilivyo, akaufumba. Aliegemea mlango karibu na punda. Saa yake aliitazama mara moja tu.

Mzee alisogea mbele, akampapasa Shangazi shingo, akainama sikioni. Safari hii hapakuwa na kigoda wala meza katikati. Binti alikuwa amelishika shina la mkia kama alivyoelekezwa, na ua mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo aliyasikia maneno.

"Nisamehe, mama," mzee alisema. "Inuka."

Shangazi hakufanya kitu. Mzee akarudia. Sikio moja likageuka. Kisha shingo ikakaza, kichwa kikarushwa mbele, mbele kabisa, kwenye hewa tupu isiyo na ukuta, na nyuma ikanyanyuka. Alibaki hivyo, magoti chini na makalio juu, akitetemeka mwili mzima. Mguu mmoja wa mbele ukajikunjua, ukashika udongo, halafu wa pili. Shangazi akasimama. Aliyumba, fundi viatu akamwegemeza bega, akasimama tena peke yake.

Daktari alikuja kumpima, akasema mapigo ya moyo ni mazuri, asilazwe tena kwenye saruji maisha yake yote. Aliondoka bila kuufungua mkoba. Mafundi nao walitawanyika, kila mmoja ana lake la kusimulia, na fundi cherehani ana mengi kuliko wote.

Baba na binti walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mzee alikuwa na udongo hadi viwikoni. Alikohoa, akatazama pembeni, akauliza kama yale maharage ya karanga yamebaki.

"Si huwa unawapa majirani?"

"Majirani wamesafiri."

Alimletea sahani, akamtazama akila. Alikula kama mtu anayejua kila kilichomo, akabakiza karanga mbili za kumalizia, na Mama Majani akakumbuka makopo yote yale yaliyorudi yameoshwa. Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Baba aliendelea kula.

Alipojifuta machozi aliuliza lile alilolibeba tangu kigodani. "Baba, ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia? Siku zile?"

Mzee alisafisha sahani kwa kidole, akaiweka chini kati yao. Pale uani Shangazi alikuwa ameanza kutembea, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika, akikagua ndoo zilizoondolewa mahali pake.

"Neno la kwanza niliwaambia wote," alisema. "La pili sikuwahi kumwambia yeyote."